Huyu Simba wa Chuo Ana Meno? Uhakiki wa Simulizi Moja ya Newala na Masasi

Kwa muda mrefu sasa wahakiki wetu wa fasihi simulizi wamekuwa na ugonjwa mmoja, nami nakiri mapema kwamba nimeugua ugonjwa huohuo. Mnyama akitokea katika simulizi hatumwachi apite zake. Sungura ni mnyonge mwenye akili, fisi ni mlafi, na tukifika kwa simba kalamu zinakimbia zenyewe: simba ni mkoloni, simba ni bepari, simba ni dola, simba ni mfumo dume, inategemea tu msahihishaji anapenda nadharia gani. Nikiwa mwaka wa pili niliwasilisha katika semina simulizi ya bibi yangu mzaa mama, mwenyeji wa Newala, kuhusu jioni aliyokutana na simba njiani. Nikadai kwamba simba yule ni ishara ya dola changa iliyokuwa ikimla mkulima wake. Wenzangu walitikisa vichwa kukubali, na alama zikaja nzuri.

Likizo iliyofuata nilikwenda Newala na karatasi yangu mkobani. Nikamsomea bibi, nikimfafanulia kwa maneno mepesi pale penye nadharia. Alisikiliza huku anachambua kunde. Nilipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mjukuu wangu, sasa huyo simba wako wa chuo ana meno?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Kwa msomaji asiyeijua sehemu hii, lazima nimweleze kidogo. Mji wa Newala umekaa ukingoni kabisa mwa uwanda wa juu wa Wamakonde. Ukisimama pale panapoitwa Shimo la Mungu, ardhi inakatika mbele yako, na chini unaliona bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji, ambako kuna uwanda mwingine wa Wamakonde, ule wa Mueda. Juu hakuna mito. Kwa vizazi vingi maji yalifuatwa bondeni, na waliofuata ni wanawake, alfajiri au jioni, saa zilezile ambazo mnyama naye anatembea. Masasi iko upande wa magharibi, ukishateremka kutoka uwandani, katikati ya vilima vya mawe kama Mkomaindo na Mtandi. Kati ya miji hii miwili kuna mikorosho, mihogo, mtama, mbaazi, na vichaka ambamo watu huchimba ming'oko. Mtu wa huku hahitaji kwenda mbugani kumtafuta mnyama wa jamii ya paka. Atamkuta akiwa ameinama na jembe, au ana ndoo kichwani.

Simulizi yenyewe ni hii, kwa ufupi. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, mtama umeiva. Shemeji yake bibi, mume wa dada yake mkubwa, alikuwa akilala shambani bondeni katika dungu, kulinda mtama usiliwe na nguruwe. Nguruwe walikuwa wameingia shambani usiku tatu mfululizo. Bibi, msichana ambaye ndiyo kwanza ametoka unyagoni, alitumwa na dada yake ampelekee shemeji chakula. Chakula kilichelewa kuiva kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Mwezi mpevu ulikuwa umepita siku tatu nyuma, kwa hiyo usiku ule ulikuwa unachelewa kutoka. Jua lilikuwa limezama lakini giza halijakolea. Penye kona ya njia akaona kitu kimelala, akadhani ni mbwa wa jirani, akataka kumkemea. Kile kitu kikainua kichwa. Inzi walikuwa wakimzunguka masikioni, naye akawa anatikisa sikio moja. Bibi akatua chakula chini polepole, akarudi kinyumenyume hadi kona ilipomficha, ndipo akakimbia. Juu kijijini watu walipiga madebe na kelele kutoka ukingoni, ila hakuna aliyethubutu kushuka. Asubuhi wakalikuta dungu: limejengwa chini, usawa wa kifua cha mtu, ngazi yake vidato viwili. Hapo bibi humaliza kwa maneno matatu tu, kwamba shemeji yake hakuwepo.

Kwa kuiangalia fani yake, simulizi hii ni maskini. Haina paukwa wala pakawa. Haina wimbo, haina kiitikio, haina mazungumzo kati ya mtu na mnyama, haina takriri ya tatutatu isipokuwa hizo usiku tatu za nguruwe. Katika semina niliandika kwamba kuni mbichi, nguruwe na vidato vya ngazi ni mapambo ya fani yanayoipa simulizi sura ya ukweli. Mapambo! Sentensi hiyo sasa inanitia aibu.

Tuanze na utanzu. Katika makala yake ya 1989 yaliyotoka katika jarida la Mulika, M. M. Mulokozi alizipanga tanzu za fasihi simulizi, na ndani ya masimulizi ya kihistoria, aliyoyaita salua, akaipa kumbukumbu nafasi yake. Wengi wetu tunakariri orodha ile kwa ajili ya mtihani halafu tunakimbilia ngano na visasili, maana huko ndiko kwenye mazimwi na majibu marefu. Kumbukumbu tunaiona kama malighafi, kitu ambacho bado hakijawa fasihi. Mimi nasema simulizi za kukutana na mnyama zina kanuni zao, tena kali. Bibi hamtaji simba kwa jina usiku. Akisimulia baada ya magharibi husema "mnyama" tu, au "yule". Hamsemeshi mnyama, wala hamfikirii mnyama anawaza nini. Na haongezi. Nilimrekodi kwa simu jioni tatu tofauti, wiki mbili zikipita kati ya moja na nyingine. Kuni zilikuwa mbichi mara zote tatu, na sikio lililotikisika lilikuwa moja.

Uzito wa jambo hilo niliuelewa kwa aibu yangu mwenyewe. Likizo hiyohiyo nilitoka Masasi nikachelewa, nikashuka kwenye gari jioni, nikapita katikati ya mikorosho kuelekea nyumbani. Macho mawili yakawaka kwenye mwanga wa simu. Ndugu msomaji, sikurudi kinyumenyume kama bibi. Nilikimbia mpaka kandambili moja ikabaki njiani. Nyumbani nikasema nimekutana na chui. Mjomba akachukua tochi, akaenda, akarudi na kandambili yangu na manyoya ya kuku, akasema ni mondo, yule paka wa miguu mirefu anayetumalizia vifaranga. Lakini kesho yake nilipowasimulia vijana wenzangu kijiweni, mondo alikuwa amekwisha pata mkia mnene na madoa makubwa, na alikuwa amenguruma. Kufikia jioni alinirukia. Mimi ndiye msanii, basi! Nilikuwa nabuni bila kukusudia, kwa sababu simulizi yangu haikuwa na kazi nyingine ila kunipamba. Ndipo nikajiuliza: mbona simulizi ya bibi haikui? Ni nini kinachoizuia isikue kwa miaka zaidi ya 50?

Jibu sikulipata kwa bibi, nililipata kwa kulinganisha matoleo. Kanuni hii ya fasihi simulizi tunafundishwa mwaka wa kwanza: usihakiki toleo moja ukadhani umehakiki simulizi.

Toleo la pili ni la mjomba. Kwake hakuna nguruwe, hakuna kuni, na mwezi hautajwi. Kuna mume na mke waliogombana msimu wa korosho kuhusu fedha, kuna chakula kilichocheleweshwa, na kuna simba aliyemwacha mdogo mtu apite salama halafu akaenda moja kwa moja kwa mume. Simba wa namna hiyo, anasema mjomba, hatoki porini. Ametengenezwa. Ametumwa. Toleo hili linasisimua kuliko la bibi. Lina migogoro, lina msuko, kila tukio lina sababu yake. Ningelipewa yote mawili bila majina ningelisifu hili.

Toleo la tatu liko Masasi. Huko ndiko alikokwenda yule dada mkubwa, mjane, baada ya wakubwa wa ukoo kukaa na kuamua kwamba hawezi kuendelea kukaa pale. Alikwenda na watoto wawili, akajenga karibu na mlima Mkomaindo, akalima, akazeeka, akafa bila kurudi Newala hata kwa mazishi ya mama yake. Wajukuu zake ni ndugu zangu. Nilipowauliza babu yao alikufaje, walinijibu bila kusita: homa. Hakuna simba kabisa. Kwao simba amefutwa, na kwa kumfuta wamefuta pia swali la nani alimtuma.

Sasa rudia toleo la bibi ukiwa na haya mawili mkononi. Nguruwe usiku tatu: kwa hiyo mnyama alikuja kufuata nguruwe, hakuja kufuata mtu. Kuni mbichi: kwa hiyo chakula hakikucheleweshwa kwa hila. Mwezi uliochelewa: kwa hiyo palikuwa na giza la kawaida, la kila mwezi. Dungu la chini na ngazi fupi: kwa hiyo hapakuhitajika uchawi kumfikia aliyelala. Na inzi. Nilimuuliza bibi kwa nini kila mara anawataja inzi. Akaniangalia kama mtu aliyechoka kungoja swali hilo. "Mchawi gani," akasema, "anatengeneza simba na inzi wake?"

Yaani yale niliyoyaita mapambo ni ushahidi wa utetezi. Bibi anamtetea dada yake katika kesi ambayo hukumu yake ilikwisha tolewa, wazee walioitoa wamekwisha kufa, na mshtakiwa naye amekwisha kufa. Ndiyo maana haongezi neno. Shahidi akibadilisha maelezo yake hata kidogo, amemwangamiza mtu wake.

Na ushahidi wenyewe ni mzuri. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, wakiwemo watafiti wa Kitanzania, walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya watu walioshambuliwa na simba nchini kwetu: kuanzia 1990 hadi 2004 waliuawa zaidi ya 563 na kujeruhiwa wasiopungua 308, na sehemu kubwa ya matukio ni ya kusini. Walionyesha kwamba pale wanyama wa kuliwa na simba walipopungua na nguruwe pori wakabaki wengi, simba huwafuata nguruwe mashambani, na mashambani wanamkuta mkulima amelala kulinda mazao. Mwaka 2011 Packer na wenzake wakachapisha uchunguzi mwingine wa mashambulizi karibu 500 ya miaka ya 1988 hadi 2009. Wakakuta kwamba hatari hupanda katika siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za mwanzo wa usiku, jua likishazama na mwezi haujatoka. Nilisoma makala yale maktabani nikasikia mwili unasisimka. Nguruwe, mavuno, mwezi uliochelewa: bibi alikuwa navyo vyote. Sisemi kwamba bibi anahitaji muhuri wa Nature ndipo asadikike. Nasema kwamba maelezo tuliyoyahesabu kuwa ni rangi ya simulizi yalikuwa ni maarifa, na sisi wahakiki ndio tuliokuwa hatujui kusoma.

Labda mtu ataniambia kwamba maandishi ya wawindaji Wazungu nayo yamejaa maelezo ya namna hii. Kweli. Patterson, katika kitabu chake cha 1907 juu ya simba wa Tsavo walioshambulia wajenzi wa reli mwaka 1898, anataja usiku gani, hema gani, mti gani. C. J. P. Ionides, mtu wa idara ya wanyamapori aliyefanya kazi Liwale na baadaye akakaa Newala kukamata nyoka, naye alitoa kitabu miaka ya 1960 kuhusu nyoka na simba walao watu. Lakini angalieni maelezo yale yanamtumikia nani. Patterson anatoa hesabu ya vibarua Wahindi, 28, halafu kuhusu Waafrika anasema hapakuwekwa kumbukumbu rasmi. Shujaa ni mwenye bunduki, na mnyama anakua kadiri mwindaji anavyotaka kukua, kama mondo wangu wa kijiweni. Katika simulizi ya bibi hakuna bunduki wala shujaa, na simba hatuambiwi hata kama aliuawa. Nilipouliza, bibi alisema hajui, "aliondoka".

Nije sasa kwenye jambo linaloniuma zaidi. Ng'ambo ya Ruvuma, Harry West, mwanaanthropolojia Mmarekani, alifanya utafiti miaka ya 1990 kwa Wamakonde wa Mueda kuhusu simba wa kutengenezwa na watu wanaogeuka simba. Katika kitabu chake cha 2007 anasimulia jinsi alivyowasilisha mada akieleza kwamba simba wale ni sitiari, ni njia ya jamii kuzungumzia mamlaka na wivu. Msikilizaji mmoja Mmakonde akasimama, kwa adabu kabisa, akamwambia kwamba hajaelewa: simba hao si ishara, ni simba wa kweli. West alikuwa muungwana kiasi cha kukijenga kitabu kizima juu ya kusahihishwa huko. Nilipokisoma nilidhani nimempata mwenzangu. Lakini si kesi ileile. Yule wa Msumbiji alikuwa anautetea uchawi usigeuzwe sitiari. Bibi anakataa yote mawili, uchawi na sitiari.

Na nikaona kwa nini anayakataa kwa pamoja. Mjomba anauliza: simba huyu ni nani? Mimi katika semina niliuliza: simba huyu ni nani? Mjomba alijibu, ni mke. Mimi nilijibu, ni dola. Majibu ni tofauti na madhara yake ni tofauti mno, mimi sijamfukuza mtu kijijini. Lakini hatua ya kwanza ni moja: sote wawili tumekataa kwamba simba ni simba. Tukishamwondoa mnyama pale njiani, lazima tutafute mtu wa kumweka mahali pake. Mhakiki humweka mkoloni aliyekwisha kwenda zake, hana hasara. Kijiji kinamweka mwanamke, mara nyingi mjane, mara nyingi mzee. Tunayajua yaliyowapata vikongwe wa Usukuma kwa sababu ya macho mekundu tu.

Sitaki kurahisisha mambo. Kuna wakati swali la "nani" ndilo swali sahihi. Singida, miaka ya 1946 hadi 1948, watu waliuawa kwa namna iliyofanana na mashambulizi ya simba, kumbe ni watu waliojivika usimba, na kesi zikaenda mahakamani na wengine wakanyongwa. Angekuwepo mtu wa kusisitiza kwamba "simba ni simba tu", angewasaidia wauaji. Kwa hiyo siweki kanuni ya jumla. Ninachosema ni kwamba mhakiki hana ruhusa ya kuchagua kabla hajasikiliza kuni zilikuwa mbichi au kavu.

Mia Couto, mwandishi wa Msumbiji ambaye pia ni mwanabiolojia, ameiandika hali hii katika riwaya yake ya 2012, iliyotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2015. Chanzo chake ni cha kweli: mwaka 2008 katika jimbo la Cabo Delgado simba waliua zaidi ya watu 20, na Couto alikuwa karibu na mkasa ule kwa kazi yake. Katika kijiji cha kubuni cha Kulumani wanaoliwa ni wanawake, na Mariamar, mmoja wa wasimulizi wawili, anafika mahali pa kudai kwamba simba jike ni yeye mwenyewe. Ni kitabu kizuri, tena kizuri sana, na hasira yake dhidi ya wanaume wa kijiji ni ya haki. Couto anaona anayeliwa ni nani. Lakini nilipokuwa nakisoma nilimfikiria yule dada wa bibi chini ya Mkomaindo. Yeye alikwisha ambiwa kwamba simba ni yeye. Hakuliona hilo kuwa ukombozi. Kinachokuwa nguvu kwa mhusika wa riwaya kilikuwa ndiyo mashtaka yenyewe kwa mtu wa kweli, na sitiari ileile imetumika mara mbili, mara moja kumwinua mwanamke na mara moja kumfungisha virago. Sijui kama Couto angeweza kuandika vingine. Riwaya inahitaji mlango wa kutokea, na bibi yangu hana mlango, ana inzi.

Kuhusu toleo la Masasi nina machache, kwa sababu kimya si rahisi kuhakiki. Niliporudi huko mara ya pili sikuwaambia wale ndugu zangu habari ya simba. Nilikaa nao, tukala, nikatazama mlima. Mmoja wao, wa rika langu, alinisindikiza kituoni, na tukiwa njiani akasema bila mimi kuuliza kwamba marehemu bibi yao hakuwa akipenda chakula kichelewe kuiva. Alikuwa anaanika kuni ndani ya nyumba, juu ya dari, mwaka mzima, hata kiangazi, na hawakujua kwa nini.

Rasimu ya makala haya nilimsomea bibi kwa simu, mjomba akiwa ameishika karibu na sikio lake. Mjomba alisikia yote, pamoja na yale yanayomhusu, hakusema kitu. Bibi aliuliza kama inzi nimewaandika. Nikamwambia nimewaandika. Akasema basi nisome tena pale penye ngazi. Nikasoma. Akasema nimekosea, vidato havikuwa viwili, vilikuwa vitatu, ila kile cha juu kilikuwa kimeliwa na mchwa, na niandike hivyohivyo.

Nimeandika.